Bi Mchapaji na Namba Zisizosogea

Wapo watu ukiwaambia wamekosea hutazama chini. Bi Mchapaji alikutazama wewe. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, kisha akasema, "Haya, sema tena, mara hii nnakuona vizuri." Wengi hawakusema tena. Waliosema walijuta, kwa sababu alikuwa na muda wa kubishana kuliko mtu yeyote mjini.

Nilianza kazi kwake nilipomaliza skuli. Duka lake lilikuwa Mkunazini, Unguja mjini, chumba cha chini cha nyumba kongwe iliyokuwa ikidondosha chokaa, na kazi ya kwanza ya kila asubuhi ilikuwa kupangusa chokaa kwenye kibodi. Watu wa mtaa walimwita Bi Mchapaji kwa sababu aliingia kazini enzi za mashine za taipu, na jina likambakia hata alipoiacha taipu akajifunza mwenyewe kuandika programu za kompyuta, katika umri ambao wenziwe walikuwa wakilea wajukuu. Jina hilo hakulipenda. Alisema, "Waache waite, kazi wataleta tu." Nami nitamwita hivyo hivyo, maana nikimtaja jina lake hapa atanipigia simu.

Alichokitengeneza ni kitu ambacho sisi wa kazi hii tunakiita maktaba. Si chumba cha vitabu. Ni fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, lililokwisha andikwa, ambalo mtu mwingine hulichukua akalitia ndani ya programu yake ili asianze kutoka sifuri. Maktaba ya Bi Mchapaji ilipanga maandishi: unaipa maneno, inakupangia aya, vichwa, kurasa na orodha zenye namba. Programu za nje zilimuudhi, kwani ukitia aya ya Msahafu kwa Kiarabu katikati ya sentensi ya Kiswahili, maneno yalikimbia huku na huku na nukta ikajikuta mwanzo wa mstari. Kwenye yake kila kitu kilikaa mahali pake. Madrasa waliitumia, mawakili waliitumia, na wachapaji wa kadi za harusi ndio usiseme. Aliitoa bure, na aliyemshukuru alimjibu, "Kwani nimekupa wewe?"

Sitaki mtu adhani alikuwa mpole aliyejificha nyuma ya ukali. Ukali ulikuwa ndio yeye. Mteja akija mbio akitaka hati yake saa ile ile, alimwuliza, "Kwani kuna moto?" na akaendelea kumega mkate wa kumimina taratibu, kipande kwa kipande, mpaka mteja akaketi. Alikunywa chai ya maziwa yenye iliki nyingi kiasi cha kukwaruza koo. Aliwasema watalii kutwa, kwamba wanaziba vichochoro na kupiga picha milango ya watu. Lakini mtalii akisimama mlangoni kuuliza njia, alitoka na viatu vyake vya ndani akampeleka mpaka Forodhani, akimgombeza kwa Kiswahili njia nzima. Aliwadharau waliosomea kompyuta chuoni, na waliojifunza mitaani aliwadharau zaidi, kwa sababu, alisema, hao wa chuo angalau wanajua wamefundishwa ujinga gani.

Pwani hakuipenda kabisa. Mtu aliyezaliwa kisiwani, na sikumbuki kumsikia akisema neno jema juu ya mchanga. Msitu nao vivyo hivyo: tulipokwenda Jozani kuwapelekea waongoza wageni vibao vyao, yeye alibaki garini akila machungwa, akiwatazama kima kwa kioo kilichofungwa. Nikamwambia ashuke, kima punju hawapatikani popote isipokuwa hapa kwetu Unguja. Akasema, "Basi wao washuke waje wanione mimi. Na mimi nipo mmoja."

Kitu kimoja tu kilimfanya anyamaze kwa heshima, nacho ni maandishi yanaposomwa kwa sauti. Alikuwa na imani, na hii hakuibishania kwa sababu hakuona kama kuna wa kuipinga, kwamba hati haijawa hati mpaka isomwe mbele ya watu. Kabla ya hapo ni wino tu. Ndivyo ilivyo kwetu hata leo. Wasia unasomwa. Mkataba wa kijiji unasomwa, watu wameketi mkekani, na mwenye masikio anashika. Aliyekuwapo anaweza kukwambia miaka baadaye kifungu cha pili kilisema nini, na hakuwahi kuishika karatasi yenyewe.

Imani hiyo iliingia ndani ya msimbo wake kwa sababu ya khitma, kisomo cha Msahafu mzima kwa ajili ya marehemu. Mtaani petu alikufa mzee mmoja, na kama kawaida juzuu thelathini za Msahafu ziligawiwa wasomaji, kila mmoja juzuu yake. Orodha ilipangwa dukani: namba, jina, namba, jina. Namba yako ndiyo juzuu yako. Watu wakasomewa orodha msikitini, kila mmoja akashika namba yake akaenda. Kisha mmoja wa wasomaji wa mwanzo akaugua, mtu akaja dukani kumtoa na kumtia mwingine mwishoni, na kompyuta, kwa utiifu wake, ikasogeza kila namba juu. Karatasi mpya ikatoka safi kabisa. Waliosikia orodha msikitini wakasoma namba walizozisikia, waliopata karatasi mpya wakasoma za karatasi. Juzuu nyingine zilisomwa mara mbili, na nyingine hazikusomwa na mtu.

Hilo liligunduliwa na mjane, watu walipokuwa tayari wanakula. Sijawahi kumwona Bi Mchapaji na hasira ile. Hakumlaumu aliyekuja dukani. Hakujilaumu yeye pia, hilo hakuwa nalo. Aliilaumu kanuni yenyewe, kwamba namba ikitoka nyingine ziibe nafasi yake. Aliketi, akaandika mistari michache, na toka siku hiyo maktaba yake ikawa na alama iitwayo "imesomwa." Hati ikishasomwa mbele za watu, unaitia alama hiyo, na namba zake hazisogei tena. Ukitaka kutoa kitu, kitoe. Mahali pake patabaki pengo.

Haikuwa kanuni nzuri kila mahali. Mwalimu mmoja wa skuli ya msingi alitia alama hiyo kwenye mtihani bila kujua, kisha akatoa swali lililokosewa. Watoto wakakuta swali la nne linafuatwa na la sita, wakadhani karatasi zao zina ukurasa uliopotea, na nusu ya darasa ikalia. Mwalimu alikuja dukani amefura. Bi Mchapaji akamwambia, "Wangeambiwa tu kwamba la tano limekufa." Mwalimu alikuwa na haki. Nilimwambia Bi hivyo mwalimu alipotoka, akanivulia miwani.

Baadaye niliondoka dukani. Nilipata kazi kwenye kampuni moja ya mjini iliyoandaa mikataba ya wawekezaji, na nilipofika nikakuta wanatumia maktaba ile ile, kwa sababu mikataba yetu hufunguliwa kwa bismillahi iliyoandikwa kwa Kiarabu na hawakupata nyingine ya kuipanga sawa. Nilicheka peke yangu. Nilidhani nimemkimbia.

Hapo ndipo kikaja kile kifungu cha saba.

Kijiji kimoja cha mashariki kilikuwa kinafunga mkataba na mwenye hoteli. Rasimu ilikwisha kusomwa kijijini mara moja, watu wakasikiliza, wakakubali. Ikarudi mjini "kusafishwa," na siku moja kabla ya kusomwa mara ya mwisho meneja wetu akaniita mezani kwake.

"Dada, hii programu mbovu," alisema. "Nimetoa kifungu kimoja, namba hazijipangi. Inatoka sita inakwenda nane. Itengeneze leo."

Nilichukua faili. Nilianza kama anavyoanza kila fundi, kwa kuamini kwamba aliyetumia amekosea. Nikatafuta nafasi iliyojificha katikati ya mistari, kwa sababu nafasi moja isiyoonekana inaweza kuikata orodha vipande viwili. Haikuwepo. Nikatengeneza orodha yangu ya majaribio: embe, fenesi, shokishoki, doriani. Nikatoa fenesi. Shokishoki ikapanda ikawa ya pili, bila ubishi. Nikafanya hivyo hivyo kwenye mkataba, na nane ikabaki nane. Nikazima kompyuta nikaiwasha, dawa ya wavivu. Nane. Mwishowe nikaacha kutazama orodha nikatazama kichwa cha hati, na pale juu palikuwa na alama: imesomwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitia baada ya usomaji wa kwanza, kwa mazoea ya dukani.

Nikafungua msimbo wa maktaba nikaenda kwenye mistari ile. Juu ya mistari hiyo palikuwa na maelezo ya Bi Mchapaji, kwa Kiswahili, kama alivyoandika maelezo yake yote: "Kilichosomwa mbele za watu hakibadilishwi namba. Mwenye kukitoa akitoe, lakini paonekane kwamba palikuwa na kitu."

Basi nikasoma kilichotolewa. Kifungu cha saba kilikuwa njia. Wanawake wa kijiji kile wanalima mwani, na kazi ya mwani inafuata maji: maji yakitoka wanashuka, yakirudi wanapanda, hayamngoji mtu. Kiwanja cha hoteli kipo kati yao na pwani. Kifungu cha saba kilisema njia yao ya kushukia itabaki wazi. Bila hiyo wangezunguka kiwanja kizima, na wakifika wangekuta maji yanarudi. Mwenye hoteli aliomba kitolewe, meneja akakitoa, na vilivyobaki vilitakiwa visogee ili asomaye asome moja, mbili, tatu hadi mwisho, sauti ipite laini na hakuna sikio litakalojikwaa.

Kuiondoa ile kanuni ilikuwa kazi ya kufuta mstari mmoja. Nilijua upo wapi. Baada ya alasiri nilikwenda kwa Bi Mchapaji, na njia nzima nilikuwa nampangia maneno.

Alikuwa nyumbani, juu, anachambua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umekonda. Nini kilichokuleta?"

"Maktaba yako haihesabu upya."

"Inahesabu."

"Ukitoa kifungu, vilivyobaki havisogei."

"Hati ishasomwa?"

"Ishasomwa. Mbele ya kijiji kizima."

"Basi visogee vende wapi?"

Nikamweleza yote, meneja, hoteli, njia. Alisikiliza huku vidole vyake vikitupa chuya pembeni. Nilipomaliza akasema, "Mstari unaujua ulipo. Mimi sikutia kufuli la benki pale. Mtu yeyote mwenye akili kidogo anaufuta. Nenda kaufute."

"Bi, sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa lipi? Nikukataze? Nshakuwa mama yako?" Akavua miwani. "Nimeuweka ili mwenye kufuta ajijue kwamba anafuta. Basi. Asije akasema kompyuta ndiyo iliyofanya."

Nilikasirika mno. Nilitaka aseme usifute, ili nikirudi kazini nimtie yeye mbele na mimi nisimame nyuma. Hakunipa hilo. Alirudi kwenye mchele wake, na nilipokuwa nashuka ngazi ndipo aliponiita kwa sauti, nikaitika naam, akasema, "Pwani siipendi. Lakini sijapata kumzuia mtu kwenda."

Asubuhi nikamwambia meneja kwamba programu haina hitilafu. Hati imeshasomwa na namba zake zimefungwa. Akasema nizifungue. Nikasema sizifungui. Akatazama saa, kwa sababu gari lilikuwa linangoja na kuupanga mkataba mzima upya kwa programu nyingine kungechukua siku.

"Basi iache ilivyo," alisema. "Nani atakayehesabu? Wale watu ni wa kusikiliza tu."

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Alidhani amewatukana.

Usomaji ulikuwa barazani pa skuli ya kijiji. Nilikuwapo, nimekaa kando na kompyuta na mashine ya kuchapia, endapo patatakiwa marekebisho. Katibu wa shehia ndiye aliyesoma, mtu mwenye sauti ya kuadhini, pole pole, kila kifungu na namba yake. Wanawake walikaa mbele, wengine na watoto mapajani. Cha tatu, cha nne, cha tano. Akasoma cha sita, kinachohusu maji ya kisima, akavuta pumzi akasema, "Kifungu cha nane," na pale pale sauti yake ikapungua, maana masikio yake mwenyewe yalikuwa yamesikia.

"Rudi nyuma," akasema mwanamke mmoja. Alikuwa Bi Mize, mkubwa wa wakulima wa mwani, mwenye mikono iliyochunwa na chumvi.

"Nshasoma, Bi Mize."

"Umesoma sita. Kisha unasoma nane. Saba iko wapi?"

Katibu akapekua karatasi. Meneja akainuka haraka, mikono kifuani, amejaa tabasamu. "Mama zangu, hayo ni makosa ya kompyuta tu. Namba zimeruka. Hakuna kilichopotea."

Watu wote wakageuka kunitazama, kwa kuwa kompyuta ilikuwa mbele yangu. Niliogopa. Nina mama huko mtaani Mpendae anayenitegemea, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Lakini aliyesingiziwa pale hakuwa na mdomo wa kujitetea, na nilijua vizuri nani alimtengeneza.

"Kompyuta haikukosea," nikasema. "Saba ilikuwapo. Imetolewa."

Baraza ililipuka. Sikusikia tena meneja anasema nini. Bi Mize alisimama akaanza kuwasimulia waliokuja wamechelewa saba ilisema nini, na mwanamke mwingine akamsahihisha neno, na wa tatu akamsahihisha yule, mpaka kifungu chote kikawa kimesimama tena pale katikati, bila karatasi. Hakuna aliyetia saini siku ile. Ilipokuja kutiwa, saba ilikuwa mahali pake, na nane ilikuwa nane.

Mimi kesho yake niliambiwa nisihangaike kuja kazini. Kampuni ikaacha kutumia maktaba ya Bi Mchapaji na ikawatangazia wengine kwamba ina hitilafu katika namba. Wengi wakaiacha. Nilipomwambia, alisema, "Watarudi siku nukta zikianza kukimbia." Wengine walirudi. Wengine hawakurudi mpaka leo, wateja wa dukani nao wakaondoka na uvumi huo, na duka likafungwa, na haikuwa haki, na ninasema hapa kwa sauti kwamba haikuwa haki. Kwa muda mrefu nilitengeneza simu za watu barazani kwetu Mpendae. Sikujuta, ingawa kuna miezi niliyojaribu kujuta.

Mara ya mwisho kutoka naye ilikuwa mwaka huu. Miguu yake inavimba siku hizi na ngazi zimekuwa adui. Akanipigia simu. Hakusema hujambo. Alisema, "Tafuta gari. Nataka kuiona hiyo saba."

Tulifika maji yakiwa yanatoka. Hoteli imekwisha kujengwa, ukuta mweupe huku na ukuta mweupe huku, na katikati imeachwa njia ya kupita watu wawili sambamba. Katikati ya njia palikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti mlinzi kijana. Mbele yake wamesimama wanawake na magunia na kamba zao, Bi Mize miongoni mwao, wanabishana.

"Subirini kidogo tu," mlinzi alikuwa akisema. "Wageni wanapigwa picha ya harusi kule chini. Wakimaliza mtapita."

"Maji hayasubiri harusi," akasema Bi Mize.

"Amri si yangu, ya bosi."

Bi Mchapaji akanishika mkono, akapenya katikati ya magunia mpaka mbele ya kiti. Alikuwa anahema.

"Mwanangu, ushausikia mkataba wa mahali hapa?"

"Sijauona, bibi."

"Sikukuuliza kuona. Nimekuuliza kusikia."

Kijana akatikisa kichwa. Bi Mchapaji akanikabidhi mkoba wake, akajiweka sawa mtandio, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia dukani, pole pole, kama asomaye mbele ya kadhi, akaanza, kwa maneno niliyomsomea mara moja tu garini tukija:

"Kifungu cha saba. Njia ya kushukia pwani, ipitayo ndani ya kiwanja cha hoteli, itabaki wazi kwa wakulima wa mwani na watu wote wa kijiji, kila maji yatokapo..."

Pumzi ikamwishia. Bi Mize akapokea pale pale, na wenziwe nyuma yake: "...na hatazuiwa mtu kwa mlango, wala kwa ukuta, wala kwa amri."

Wageni wa harusi huko chini waligeuka kutazama. Bi Mchapaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama kijana.

"Nikusomee na cha nane?"

Mlinzi akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe, na wanawake wakapita.